Mtoto wa Shangazi kutoka Ohio

Suhaib alipofika Harrow na mabegi yake mawili, Bi Time alimtandikia chumba cha mbele, kile alicholala mwanawe Himid tangu utotoni mpaka alipooa. Himid na mkewe Siham walipitia jioni ile kumsalimia mgeni. Himid akakuta picha zake za zamani zimeshabanduliwa ukutani ili mgeni apate nafasi, na sebuleni babake, Mzee Miraji, amekaa na rimoti mkononi. Kwenye televisheni lilikuwa likirudiwa pambano la mwaka juzi, Suhaib akikimbia pembeni mwa uwanja uliojaa nusu huko Oklahoma. Kila alipogusa mpira, mzee alisimamisha picha.

"Tazama hapa," alisema. "Tazama anavyogeuza mwili kabla mpira haujamfikia."

Himid alitazama. Kilichomuuma ni kwamba babake alikuwa akisema kweli.

Suhaib alikuwa mtoto wa Mwanabaraka, dada yake Mzee Miraji. Ndugu hao waliondoka Unguja wakati mmoja. Kaka akaangukia London, dada akaangukia Ohio, na kila mmoja akapata mtoto wa kiume mwaka ule ule. Watoto wote wawili wakapenda mpira. Zamani, kila simu iliyopigwa kati ya nyumba hizo mbili ilikuwa ya kuulizia habari za Himid, kwa sababu tangu ana miaka tisa alikuwa kwenye akademi ya klabu kubwa ya London. Halafu alipofika kumi na sita klabu ikamwacha. Waliitwa ofisini yeye na babake, wakashukuriwa, wakapewa mkono. Tangu siku ile simu zikawa za Suhaib.

Na Suhaib hakuwa nyota. Baada ya chuo alichezea daraja la pili Marekani, kisha la tatu, kisha la pili tena. Klabu moja ilivunjika katikati ya msimu, nyingine ikahamishiwa mji mwingine na kuwaacha wachezaji nyuma. Alisafiri kwa basi mchana kutwa kwenda kucheza mbele ya watu wachache, na majira ya baridi alifundisha watoto ili apate kodi. Ligi kuu hakuigusa hata dakika moja. Lakini alikuwa akilipwa kucheza mpira, na alipoulizwa kazi yake alijibu kwa neno moja. Himid aliuza miwani katika duka la Praful, karibu na stesheni.

Angekuwa nyota, pengine Himid angemvumilia. Ila aliyaangalia mapambano yale moja baada ya jingine, kwa siri, kwenye simu yake wakati wa chakula cha mchana, na kila mara aliona kuwa tofauti kati yake na Suhaib ni ndogo mno. Huenda ilikuwa ni maoni ya kocha mmoja tu. Hilo ndilo lililomnyima raha.

Safari hii Suhaib alikuja kwa kuwa mkataba wake ulikwisha, na klabu moja ya daraja la tano, pembezoni mwa jiji, ilikubali kumfanyia majaribio. Jumamosi Mzee Miraji alitaka kumpeleka Edgware Road, kwenye mkahawa ambako wazee wa Unguja na Pemba hukutana na jamaa zao wanaotoka Muscat. Himid ndiye aliyeendesha gari. Pale mezani mzee alimshika Suhaib begani akamtambulisha kwa kila mtu: mpwa wangu, mchezaji wa kulipwa, Marekani. Akasimulia goli alilofunga dhidi ya timu gani na kwa mguu upi. Mzee mmoja akauliza, na huyu mwingine?

"Huyu Himid, mwanangu," alisema Mzee Miraji, akageukia chai yake.

Himid alisubiri aendelee. Hakuendelea.

Wakati wa kurudi, Suhaib aliomba acheze na timu ya Himid ya Jumapili ili apate pumzi kabla ya majaribio. Alikielewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza, na aliomba kwa adabu. Himid alikuwa nahodha wa timu ile kwa miaka mingi. Alitafuta sababu ya kukataa, akaikosa.

Jumapili hiyo, timu ikiwa inajinyoosha, Himid alimwona babake akivuka nyasi za bustani na kiti cha kukunja kwapani. Aliketi karibu na mstari, akajifunga skafu. Kwa miaka yote aliyocheza Himid kwenye uwanja ule, dakika kumi kutoka nyumbani, mzee hakuwahi kuja.

Himid hakumpasia Suhaib mpira kipindi kizima cha kwanza. Surinder, kipa wao, alimpigia kelele kwa hilo mara mbili. Suhaib hakulalamika. Aliutafuta mpira mwenyewe, akaupata, akautoa kwa utulivu kama mtu anayepanga vikombe, na kila alipoutoa Mzee Miraji alipiga makofi peke yake.

Kipindi cha pili wapinzani walipiga kona. Mpira ulipanda juu ya Suhaib, naye akapaza sauti, "Yangu!" Lilikuwa neno pekee la Kiswahili alilolitamka siku ile. Himid alilisikia vizuri. Alikuwa nyuma yake, hakuna mpinzani karibu, hakuna haja ya kuruka. Akaruka. Alimpanda mgongoni kwa uzito wake wote, wakaanguka pamoja, bega la Suhaib likatangulia chini. Surinder, aliyekuwa hatua chache tu kutoka pale, alimwangalia Himid usoni.

Mtulinga, mfupa wa kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika. Hospitalini, Mzee Miraji alipotoka kwenda ukumbini kumpigia simu dada yake, Himid aliketi kando ya Suhaib.

"Nilikusikia uliposema ni yako," alisema.

"Najua," Suhaib alijibu kwa Kiingereza. Akasema amegongwa sana maishani mwake, kila klabu, na watu waliotaka nafasi yake. Amezoea, na wala hawachukii. "Lakini wewe hukuitaka nafasi yangu. Ulitaka nini?"

Macho ya Himid yalikwenda mlangoni, kwa yule mzee aliyesimama na simu sikioni, amejiinamia. Suhaib naye akaangalia huko. Kisha akageuza uso.

Kesho yake Himid alimkuta babake barazani, akaanza kueleza. Mzee alimkatiza.

"Niliona. Nilikuwa nimekaa karibu."

"Miaka yote hii nacheza pale, Baba. Hukuja hata siku moja. Kaja yeye, umekuja na kiti."

"Uliniambia nisije," alisema Mzee Miraji. "Siku walipokuacha, ndani ya gari. Ulisema nisije kukutazama tena, maisha."

"Nilikuwa na miaka kumi na sita."

"Nami nilidhani nakuheshimu." Akainuka. "Hata hivyo, hiyo si ruhusa ya kumvunja mtoto wa dada yangu. Shangazi yako utamwambia wewe, kwa mdomo wako."

Himid alimpigia Mwanabaraka siku ile ile, akamwambia yote bila kupunguza. Shangazi akauliza kama Suhaib anakula. Himid akajibu kuwa anakula. Shangazi akasema vyema, akakata.

Majaribio yalipita na klabu ikachukua mchezaji mwingine. Suhaib alibaki Harrow mpaka mfupa uunge. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka Himid alipita kumvalisha shati na kumfunga kitambaa cha kuutegemeza mkono, maana Bi Time aliogopa kumuumiza. Walizungumza machache: hali ya hewa, saa za dawa. Siku moja Suhaib alicheka Himid alipokosea vifungo, na kicheko hicho ndicho pekee walichokipata.

Mwishoni klabu ya daraja la tatu huko Tennessee ilimpa mkataba wa msimu mmoja. Wakampeleka Heathrow. Mzee Miraji alimkumbatia mpwa wake kwa muda mrefu, akimsemea dua sikioni, na Himid, amesimama na mabegi, alihisi wivu ule ule ukimpanda, haujapungua hata kidogo. Alimpa Suhaib mkono. Suhaib aliupokea kwa mkono wa upande mzima, akapita.

Ndani ya gari, walipokaribia nyumbani, mzee akauliza kama Jumapili kuna mchezo.

"Upo," alisema Himid. "Saa nne."

Akaendelea kuendesha, akiwa na woga ambao hakuwa ameuonja tangu siku za akademi.