Mabalungi ya Kililana

Mume wangu Bwanamkuu nusura afe kwa adabu, si kwa saratani. Nasema hivi kwa hasira, na hasira zangu mtaa wetu wote wa Mkomani, hapa Lamu, wanazijua.

Saratani ya utumbo mpana ilimpata mwaka juzi. Walimpasua, ikarudi. Ndipo daktari wa Mombasa akamwanzishia vidonge. Muuguzi Sundus, mtoto wa dada yangu, alikaa nasi akatueleza taratibu. Seli ya mwili ikiharibika hujimaliza yenyewe, lakini hizi zimekataa kufa, maana ndani yake kuna amri isiyonyamaza inayoziambia ziishi na zizaane. Vidonge kazi yake ni kuikata amri hiyo. Nikamwambia nimefahamu: hizo seli ni kama mawifi zangu, hazijui saa ya kuaga. Bwanamkuu, ambaye ni mshona kofia, alicheka mpaka sindano ikamponyoka.

Sundus alitia sharti moja. Asile balungi wala asinywe maji yake, kwani tunda hilo huuzuia mwili kuivunja dawa, ikajazana damuni na kuutikisa moyo.

Mwezi wa tatu wa vidonge, kipimo cha moyo kikatoka kibaya. Kizunguzungu, matapishi, kofia imelala wiki nzima bila kuguswa. Daktari akatupa siku kumi na tano: moyo usipotulia, vidonge vitasimamishwa, na vingine vya kumfaa yeye hakuna. Nililia jikoni, nikanawa uso, kisha nikaanza upelelezi.

Sikwenda mbali. Ndani ya kisanduku chake cha nyuzi, chini ya kofia, nilikuta maganda ya balungi yaliyokauka.

Sikuuliza ya nani. Kaka yake, Uthman, analima mabalungi kule Kililana, na kila Ijumaa huja kumzuru mgonjwa na kikapu chake. Kwetu zawadi ya mgonjwa haiwekwi kando, huonjwa mbele ya aliyeileta, naye hutazama mpaka imemezwa. Bwanamkuu alikuwa akionja sebuleni na maganda akiyaficha, mimi niko jikoni napika kahawa. Nilimwita Bwanamkuu nikamwonyesha maganda.

"Ni kaka yangu mkubwa," akasema. "Nimwambie zawadi yake ni sumu?"

"Mwambie. Usipomwambia weye, nitamwambia mimi."

Hakumwambia. Ijumaa ilipofika nilitoka jikoni mikono mitupu.

"Bwana Uthman," nikasema, "balungi lako lamuua nduguyo."

Aliniuliza tangu lini. Nikamjibu tangu la kwanza, nikamweleza habari ya dawa na moyo. Akainuka, akaondoka bila kungoja kahawa. Bwanamkuu alininunia siku mbili. Sikujuta hata kidogo.

Ijumaa iliyofuata Uthman akarudi, na kikapu kimejaa mabalungi. Damu ilinichemka. Lakini alikaa mbele ya ndugu yake, akamenya moja, akalila mwenyewe, kipande baada ya kipande, uso kaukunja. Nilidhani ni aibu.

"Zawadi imeonjwa," akasema, akijipangusa ndevu. "Desturi imetimia."

Ijumaa ya pili akafanya vilevile, na ya tatu. Bwanamkuu alikuwa akimtazama mpaka imemezwa, kama desturi inavyotaka.

Moyo ulitulia kabla ya zile siku kumi na tano kwisha, vidonge vikaendelea. Baada ya Ramadhani, picha za Mombasa zikaonyesha uvimbe umenywea zaidi ya nusu. Sundus alituonya kwamba haujaisha, ila ile amri sasa haisikiki sana. Alhamdulillahi, nililia tena, safari hii sebuleni mbele ya watu, na sikuona haya.

Ijumaa hiyo Uthman alipoanza kumenya, Bwanamkuu aliweka chini kofia yake, ambayo ilibakia duara moja tu imalizike.

"Kaka, yeo nitakwambia kweli. Mabalungi siyapendi. Tangu udogo wetu siyapendi."

Uthman alikuwa na kipande mdomoni. Alikimeza kwa shida.

"Hata mimi siyapendi," akasema. "Miti ile niliipanda kwa ajili yako."

Wakatazamana, wazee wawili wenye mvi. Wala hawakucheka, machozi yaliwalenga wote wawili. Mimi nilikichukua kile kikapu, nikakitoa nje, nikaenda kuwakatia papai.