Mama Apanda Mnara wa Saa

Majengo ya kale ya mji wetu hufunguliwa kwa wananchi siku moja tu kwa mwaka, na mwaka huu mama alikuwa amekaza uzi: lazima apande mnara wa saa. Marehemu baba alikuwa fundi wa saa ile maisha yake yote. Kila adhuhuri mama alimpelekea chakula, akaishia kwenye benchi la mawe nje, maana asiye mfanyakazi hakuruhusiwa kuingia. Kabla hajaketi vizuri, baba alikuwa ameshatokea mlangoni. Mama akimuuliza amejuaje kuwa amefika, baba alimjibu, "Pua, mke wangu. Nimesikia harufu ya mchuzi." Mama hakuamini hata siku moja. Mchuzi gani huo unaopanda mnara?

Mimi nilipinga, tena kwa sauti. Magoti yake yamekwisha, na akianguka wa kumbeba ni mimi.

"Shikamoo, mama," mlinzi alisema. "Ngazi ni nyembamba mno. Wazee wanaangalia picha hapa chini."

"Marahaba, mwanangu. Picha ya mume wangu ninayo nyumbani."

"Mama, si tulikubaliana?" nikadakia.

"Nani alikubaliana? Wewe ulikuwa unaongea, mimi nilikuwa navaa viatu. Mtaka cha uvunguni huinama. Mimi nataka cha juu."

Magoti yalimgomea mapema. Nikashukuru kimoyomoyo, nikidhani tutarudi. Wapi! Aligeuka, akaketi kwenye ngazi, akajisukuma kwa mikono, akaanza kupanda kwa makalio, kinyumenyume.

"Mama, gauni!"

"Gauni linafuliwa."

Waliokuwa wakishuka walijibana ukutani. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye aibu iliniisha, nikawa naomba mmoja wao athubutu kucheka anione.

Juu kulikuwa na mtambo wa saa, magurudumu ya shaba yananuka mafuta. Mama hakuyatazama. Alikiona kigoda kilichopigiliwa misumari sakafuni, kimeupa mtambo mgongo, kinaelekea kidirisha kidogo. Akakikalia, akachungulia.

Nilichungulia juu ya bega lake. Barabara haikuonekana, wala soko. Jengo la jirani lilificha kila kitu isipokuwa benchi la mawe.

"Mwongo yule!" mama alisema, analia na kucheka kwa pamoja. "Eti pua!"

Mlinzi aliyetufuata alikohoa. "Mama, tunafunga."

"Ngoja kidogo, baba. Mimi nimengoja zaidi yako." Kisha akanigeukia. "Shuka ukakae pale kwenye benchi. Usinitazame. Kaa tu kama mtu aliyeleta chakula."

Kwa mara ya kwanza siku ile sikubisha. Nilishuka, nikaketi kwenye jiwe, nikaupakata mkoba wangu kwa mikono miwili, nikatazama mlangoni.