Miche Iliyonawiri

Katika mji ule wa ukungu asubuhi na upepo mkali jioni, ni seremala peke yake aliyekula mabiringanya ya kupanda mwenyewe. Aliyakuza nyuma ya karakana, ndani ya kibanda alichokiunda kwa madirisha makuukuu ya vioo. Kisha akaugua, akalazwa. Alipotoka hospitali alikuta madirisha yameng'olewa na mimea imekufa kwa baridi, majani yamelegea kama matambara yaliyolowa. Madirisha yenyewe aliyakuta kwenye banda la kuku la mdogo wake.

"Nilidhani hurudi, kaka," mdogo wake alisema, akicheka.

Seremala akageuka, akaenda zake. Akaunda kibanda kingine, akasubiri.

Msimu uliofuata mdogo mtu alikuja, mpole kama kondoo. Alikuwa amejigamba kwa wakwe zake kwamba watakula mabiringanya ya bustanini kwake.

"Nisitiri, kaka. Miche michache tu."

Sasa, mche uliolelewa kwenye joto hautolewi nje ghafla. Huzoeshwa baridi polepole, kama mtoto anayeachishwa ziwa: leo kidogo mlangoni, kesho kidogo uani, jioni unarudishwa ndani. Seremala alikuwa nayo miche iliyokwisha kuzoea, mifupi, migumu. Akaipita. Akachagua ile minene, yenye majani laini ambayo hayajaonja upepo.

"Chukua iliyonawiri. Wewe ni damu yangu."

"Niipande lini?"

"Leo leo."

Asubuhi yake mdogo mtu alirudi na mche mweusi kiganjani. Seremala alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, maneno yakiwa tayari mdomoni. Lakini mwenzake aliinamisha kichwa.

"Mkono wangu una nuksi, kaka. Njoo unioneshe."

Hata kupigwa hakujua kwamba amepigwa. Hilo lilimchoma seremala kuliko kile kicheko. Akabeba miche mifupi, akamfuata hadi kwake, akaomba kiti, akaketi akiwatazama kuku nyuma ya vioo vyake.

"Chimba."

Mdogo mtu akachimba, jasho likamtoka. "Panatosha?"

"Bado."

Mkewe akatokea mlangoni, akamkuta mumewe amezama hadi magotini.

"Shemeji, tunapanda biringanya au tunachimba choo?"

"Biringanya ni mmea wa joto, shemeji," seremala alisema, akikunja nne. "Na joto liko chini. Chimba, mdogo wangu."