Daftari la Nne

Karakana ya viatu ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na meza, simu, benchi la wateja na kabati la madaftari. Cha nyuma kilinuka gundi na ngozi, na humo mafundi watano walishinda wakigonga nyundo na kutaniana. Mtu aliyepita mlango wa katikati mara nyingi kuliko wote alikuwa mke wa mwenye karakana. Mafundi walimwita Karani, mwanzoni kwa mzaha, kisha likawa jina.

Walitengeneza viatu vya watu waliokataliwa na viatu vya dukani: mwenye mguu mmoja mfupi, mwenye kidole kilichopanda juu ya mwenzake, mwenye kisigino kilichopinda baada ya ajali. Kila mteja alichongewa kalibu zake, yaani miguu ya mti, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, na kiatu kikajengwa juu yake. Kazi hiyo ya kuchonga Karani aliirithi kwa marehemu baba yake, aliyeanzisha karakana. Alishika kisu tangu msichana, na alipofika miaka ishirini na mitano mzee alikuwa akimwachia miguu migumu kuliko yote. "Huyu ana macho vidoleni," alikuwa akiwaambia wateja.

Mzee alipofariki, mume wa Karani, ambaye alikuwa fundi wa ngozi, ndiye aliyeshika usukani. Wateja wakaongezeka. Ikabidi mtu akae mbele aandike.

"Wewe una mwandiko mzuri," mumewe alimwambia. "Shika kwa muda tu, mama watoto."

Muda huo ukawa miaka kumi na mmoja.

Kila oda aliiandika mara nne. Kwanza katika daftari kubwa la vipimo. Pili katika kadi ya fundi wa kalibu. Tatu katika orodha ya ngozi na soli. Nne katika daftari la kukabidhi, lenye jalada jeusi, ambamo aliandika tena vipimo vyote na siku ya kumaliza. Na katikati ya kuandika simu ilikuwa ikilia. "Viatu vyangu vimefikia wapi?" Karani hujibu, "Subiri kidogo," huinuka, huenda nyuma, huuliza fundi huyu na yule, hurudi, hujibu, hukaa, na kukuta amesahau alikuwa amefika mstari gani. Ijumaa yote ilikuwa ya kutafuta kadi zilizopotea. Nyingine ziliokotwa chini ya mabaki ya ngozi, na moja iliwahi kupatikana imekunjwa kuegemeza mguu wa meza.

Kisu chake kilikaa kwenye droo pamoja na kalamu zilizokauka. Uchongaji ukawa wa fundi mmoja aliyeitwa Kimya, kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Alikuwa mwangalifu na mwenye bidii, ila alichonga kile alichosoma kwenye kadi, basi.

Jumanne moja asubuhi akaingia mkunga mstaafu, mteja wa miaka mingi, aliyekuwa amezalisha nusu ya mtaa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kwa sentimita tatu tangu kuzaliwa. Jumamosi ile kitinda mimba wake alikuwa anaoa, na mama huyu alikuwa ameapa kusimama harusi nzima bila kuegemea mtu. Alikuja kuchukua viatu.

Akakaa, akavivaa, akasimama. Bega lake moja likaenda juu, jingine chini, akashika meza haraka.

"Mwanangu," alisema taratibu, "nimeingia hapa nikichechemea kwa mguu mmoja. Sasa nachechemea kwa yote miwili."

Karani aliinama akatazama. Soli nene ilikuwa ya mguu wa kulia. Akafungua daftari kubwa: kushoto, mfupi, tatu. Akaenda nyuma akaomba kadi.

"Mimi nachonga kilichoandikwa," Kimya alisema, tayari amejihami. "Kadi ikisema mguu uko kisogoni, nauchonga kisogoni. Soma mwenyewe."

Karani akasoma. Kulia na kushoto yote huanza kwa *ku*, na siku ile kwa haraka alikuwa ameandika *Kl* na *Ks* tu. Ile *s* ilikuwa imenyooka kama fimbo. Mtu yeyote angesoma *Kl*. Akakumbuka hata sababu: sikio lilikuwa kwenye simu, mkono kwenye kadi.

Alirudi mbele akamweleza mkunga ukweli wote, bila kumsingizia mtu. Alitegemea makaripio. Mama yule akavua viatu, akaviweka kando kwa upole kama vitoto vichanga.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," alisema, "na ya kiatu aijuaye mwenye mguu. Lakini hebu niambie. Vile vya kwanza, vilivyonidumu miaka kumi na miwili, alichonga nani?"

"Mimi, mama."

"Nilijua. Ulinishika mguu huu kwa mikono miwili, ukafumba macho. Nikajisema, huyu angefaa wodini kwangu. Sasa mbona umejificha nyuma ya makaratasi?"

Karani akacheka kidogo, akamwonyesha kabati, akamweleza zile nakala nne. Mkunga alisikiliza akitikisa kichwa.

"Na sisi wodini mtoto mmoja tulimwandika mara tano. Siku moja nikauliza, daftari la tano anasoma nani? Wote wakanitazama kama nimetukana. Hakuna aliyekuwa analisoma, mwanangu. Hakuna! Na kina mama wazazi wakiita, sisi tumeinama tunaandika."

Alipoondoka, alikuwa ameahidiwa viatu vipya Ijumaa. Karani akakaa akilitazama lile jalada jeusi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alilifungua na kurudi nyuma, mwezi baada ya mwezi. Kila mahali palikuwa na mwandiko wake tu. Hapakuwa na tiki ya mtu mwingine, wala alama ya kidole chenye gundi, na kila fundi pale alikuwa na gundi vidoleni. Akapeleka daftari nyuma.

"Nani amewahi kusoma hili?"

Wakatazamana. Kimya akatikisa kichwa, na wenzake wakafuata.

Mumewe akaweka nyundo chini. "Hilo ni la mzee. Ndivyo alivyotuachia."

"Mzee alilianzisha mwaka ule mafundi wawili waligombana nani amemaliza viatu gani. Nilikuwepo. Wote wawili wameshaacha kazi, mmoja ni marehemu. Mimi bado naandika ugomvi wao."

Mafundi wakaangua kicheko. Mumewe hakucheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa kugusa kitu kisije kikabomoka. "Kuandika kunaua mtu?" aliuliza. "Unakaa kitini, kivulini."

Karani hakubishana. Alisema tu, "Kesho nachonga kalibu za mama mkunga mimi mwenyewe. Kaa wewe kitini, kivulini."

Siku ya pili alifunga kitambaa kichwani, akanoa kisu, akakaa karibu na dirisha la nyuma na kipande cha mti mapajani. Saa ya kwanza mkono ulimsaliti. Kisu kilikwama kwenye nyuzi za mti, na kidole gumba kikapata mkato. Kimya akamletea kitambaa, kisha, bila kuombwa, akamshikia mti. Walichonga hivyo, mmoja akishika na mwingine akikata. Kufikia saa nne ile hisia ya zamani ikarudi: kidole kinapita juu ya mti na kujua pa kupunguza kabla jicho halijaona. Akaanza kuimba kwa pua. Mafundi wakapunguza nyundo wamsikie.

Mbele mambo yalikuwa mengine. Mumewe aliandika oda ya kwanza mara mbili, simu ikalia. Akaja nyuma kuuliza. Akarudi. Simu ikalia tena. Akaja tena. Mara ya nane Kimya alimwambia, "Bosi, tukuwekee kitanda hapa mlangoni?" Mteja mmoja alichoka kungoja akaondoka, vipimo havijachukuliwa. Mchana mumewe alikuja kusimama mbele ya mkewe, shati limelowa mgongoni, kalamu sikioni.

"Nimeinuka mara thelathini na moja," alisema. "Nimehesabu. Sijamaliza oda tatu."

"Kitini, kivulini," alijibu mkewe, bila kuinua macho.

Alisimama pale muda mrefu akimtazama anavyopiga msasa. Aliona kalibu ya kushoto inavyopata umbo: unyayo, mteremko wa kifundo, ule uvimbe mdogo pembeni ambao hakuna kadi iliyowahi kuutaja. Alikuwa ameuona mkono huo ukifanya kazi kabla hawajawa wachumba, na ndio uliomfanya amtongoze.

"Nimekufungia mbele miaka yote hii," alisema kwa sauti ya chini.

"Hukunifunga. Nilikaa mwenyewe, na hakuna aliyeniuliza. Hata mimi sikujiuliza."

Viatu vilikuwa tayari Ijumaa saa tisa. Mkunga alivivaa, akatembea hadi mlangoni na kurudi, akageuka, akatembea tena. Mabega yalikaa sawa kama maji kwenye beseni. Alimshika Karani kidole gumba kilichofungwa kitambaa, akakipuliza kama cha mtoto, akaenda zake. Jumatatu alipiga simu kusema alisimama harusi nzima, na waliokaa ni vijana.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Daftari jeusi ndilo lililoachwa kwanza. Kisha wifi yake Karani, aliyekuwa mhazini wa ofisi ya shule na hodari wa kompyuta, akaja Jumamosi mbili akawawekea jedwali moja: oda inaandikwa mara moja, na kutoka hapo inachapwa kadi ambayo haiachani na kiatu mpaka kinapokabidhiwa. Karani alisisitiza kadi iwe na picha ya nyayo mbili, ya kushoto na ya kulia, ili mtu atie alama juu ya mguu wenyewe. Ukutani wakatundika ubao wenye kigingi cha kila oda, na fundi akimaliza hatua yake anasogeza kigingi, hivyo wa mbele anajibu simu bila kuinuka. Wiki ya kwanza kompyuta iligoma, na mumewe akasema, "Niliwaambia!" kwa furaha isiyofichika. Wiki ya tatu akaacha kusema.

Kimya ndiye aliyenuna. Aliona kiti chake kimechukuliwa. Karani alimwita pembeni akamwambia, "Miguu migumu tutachonga wote. Nitakuonyesha alivyonionyesha baba. Ila uongee kidogo, kalibu zinapenda kusikiliza." Alinuna siku mbili zaidi, kulinda heshima yake, kisha akaja.

Sasa mbele wanakaa kwa zamu, na mume ana zamu yake. Siku moja aliingia mkulima ambaye mguu wake ulikuwa umepondwa na gari la mizigo, na karakana tatu zilikuwa zimeshamrudisha. Mume alianza kushika utepe wa kupimia, kisha akauweka chini.

"Mama watoto," aliita, "njoo. Huyu ni wako."

Karani akatoka akipangusa vumbi la mti mikononi, akapiga magoti mbele ya benchi, akaupokea mguu ule kwa mikono miwili.

"Nieleze, ndugu yangu," alisema. "Unauma wapi ukikanyaga?"