Ngendo Wawili wa Nyumba ya Kingori

Dada mmoja alinishika mkono nje ya kanisa, hapa Othaya. "Mwalimu, kitabu yako imeniliza! Yule mke wa mchungaji akitoroka, woi!"

Mimi sijawahi kumtorosha mke wa mchungaji. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa bado haijatoka, miaka minne ya kuandika alfajiri kabla ya kwenda kufundisha, na tayari nilikuwa nasifiwa kwa jasho la mtu mwingine. Nilikasirika, sitadanganya.

Mtu huyo namjua. Ni binamu yangu wa Kerugoya. Baba zetu ni ndugu, na kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la mama yao, cucu wetu, kama desturi inavyotaka. Kwa hivyo sote wawili ni Ngendo Kingori, na sote wawili tukaishia kuandika riwaya. Yeye ana mbili madukani.

Jumatatu mhariri wangu akanipigia. "Jalada linaenda mtamboni kesho saa sita. Tafuta jina lingine, Mwalimu, ama wasomaji watadhani wewe ni yule yule."

Jina lingine! Cucu alinibeba mgongoni, nami nimwache nje ya kitabu changu? Nikampigia binamu.

"Badilisha lako," nikamwambia, hata salamu sikutoa.

"Ati nini? Mimi ndio nilitangulia kuandika."

"Na mimi ndio nilitangulia kuzaliwa!"

"Kwa miezi mbili, Ngendo. Miezi mbili!" Akakata simu.

Mama alikuwa hapo jikoni akikata sukumawiki, amesikia yote. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Kwani hii ni shida mpya? Mkiwa wadogo kwa cucu, mtu akiita Ngendo mnakuja mbio wawili. Tukaanza kusema Ngendo wa Monicah na Ngendo wa Njoki. Ikaisha."

Monicah ni yeye. Njoki alikuwa mama wa binamu yangu. Alituacha mwaka juzi.

Nilichukua simu nimwandikie mhariri. Mama akaona, kicheko kikakatika.

"Wacha! Usiniweke huko. Mimi niliachia darasa la nne. Watu wakiona jina yangu kwa kitabu watasema nini?"

"Watasema ulinizaa."

Akachukua kisu tena. Kisha akauliza kama wataiandika vile iko kwa kitambulisho. Nikamwambia ndiyo, na nikatuma ujumbe.

Halafu nikampigia binamu tena. Nakiri nilitaka kumringia. "Baki na Ngendo Kingori wako. Kuanzia kesho mimi ni Ngendo wa Monicah."

Nilingoja anigombeze.

"Mama yangu," akasema, "jina yake imeandikwa mahali moja tu. Kwa msalaba."

Hasira yote ikaniisha. Nilijiona mjinga, nikaona haya.

"Kitabu chako cha tatu kinatoka lini?"

"Agosti."

"Basi mpigie mhariri wako leo. Sasa hivi!"

Nikamsikia akilia. "Ngendo wa Njoki," akasema polepole. "Imekaa vizuri, sindio?"

"Imekaa vizuri sana," nikamwambia, na mimi pia nikaanza kulia.