Shuka Juu ya Kioo

Kazi yangu ni kuzifundisha kamera la kufanya. Mtu akiruka ukuta, taa ziwake; mlango ukivunjwa, king'ora kilie. Kwenye maduka ya watu hapa mjini Novi Sad nazipanga kwa utulivu, lakini kwa baba yangu Svetozar, anayeishi peke yake kijijini tangu mama afariki, nilipitiliza. Niliweka kamera jikoni, nikaiagiza kwamba ikifunikwa jicho, inirushie picha za mwisho ilizoziona, kisha ifunge lango la umeme. Nilikuwa nawaza wezi, sikuwaza jambo jingine.

Ijumaa moja ya vuli simu ililia nikiwa kazini. Kwenye picha alikuwapo shangazi Leposava, dada yake baba, na nguo zake nyeusi za ujane. Akatandaza shuka juu ya kioo cha ukutani, akalibana vizuri. Akafunika televisheni. Halafu akaigeukia kamera na shuka jingine, picha ikawa giza tupu.

Kwetu vioo hufunikwa nyumba ikipata msiba. Hata kwa mama, shangazi ndiye aliyevifunika. Nilikaa chini hapohapo kati ya maboksi ya nyaya. Nilimpigia baba, simu ikaita tu. Shangazi hana simu, anasema zinamuumiza kichwa. Nikaingia garini. Njia nzima nililia na kujilaani, maana tangu Pasaka nilikuwa nikimwona baba kwa kamera tu, akipika supu yake, nami nikajiona binti mwema.

Nilipofika, marehemu alikuwa amesimama nyuma ya lango, ndoo mkononi, chokaa mpaka kwenye nyusi, akilitukana lango matusi ya kila aina.

"Hili dude lako limenifungia ndani," alisema. "Chokaa imeniishia, na keshokutwa ni sikukuu ya mtakatifu wa ukoo. Wageni waje waone ukuta nusu?"

Walikuwa wanapaka jiko, kama ilivyo kila mwaka kabla ya sikukuu, na shangazi alifunika kila kitu kisirukiwe na chokaa. Simu ya baba ilikuwa ndani ya koti, koti chini ya mashuka. Nililifungua lango, nikamkumbatia mpaka nami nikawa mweupe. Sijawahi kufurahi vile maishani mwangu.

Nilipowaeleza, shangazi alicheka mpaka akaegemea mlango, akaniita mjinga na kusoma kwangu kote. Baba hakucheka.

"Kwa hiyo maiti yangu umeikimbilia hivi," alisema. "Mimi nikiwa mzima, mbona huji?"

Nilimpigia bosi wangu, nikamwambia sirudi mpaka sikukuu ipite. Kisha nikavua koti, nikaomba brashi.

Baba alinitazama, akanipa ile kubwa.

"Anza na kona ile," alisema. "Kila mwaka alikuwa akiipaka mama yako."