Gita Lililobeba Kifua cha Junior

Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, Orpha na binti yake Sagesse walikuwa dukani kwa Charanjit, nyuma ya Soho Road, wakijaribu gita la umeme. Charanjit aliuza ngoma za tabla, vinanda vya upepo vya gurudwara, hekalu la Masingasinga, nyuzi za kila aina, na ukutani alikuwa ametundika magita sita. Hili walilolishika halikuwa na kichwa. Shingo ilikatika tu, na vifungo vya kukazia nyuzi vilikuwa chini, mkiani, vikijizungusha vyenyewe kama masikio ya mbuzi aliyesikia mtu mlangoni.

"Halitaki mtu wa kulikaza," Charanjit alisema. "Linajisikia lenyewe. Linaongea na simu yako. Taa hii ya kijani ikiwaka, ujue linasikiliza. Kitu likikisikia linakishika, linakirudia mpaka uliambie basi."

"Chaji inakaa muda gani?" Orpha aliuliza.

"Masaa manane."

Sagesse alikuwa na miaka kumi na saba na ndiye aliyepigia kwaya gita. Alipiga seben, ile sehemu ya mwisho wa wimbo inayowatoa watu vitini kanisani. Gita likaishika, likairudia. Akapiga nyingine juu yake, dukani wakawa Sagesse wawili.

"Kitu chenye kusikiliza hivyo," Orpha alisema, "mtu asiseme siri mbele yake."

"Mum, it's normal. Magita yote ya sasa iko hivyo."

"Miye nimesema tu."

Charanjit akalifunga kwenye mfuko wake. Aliwapa siku kumi na nne za kulijaribu. Likiwashinda, walirudishe.

Walikuwa wakikaa Handsworth, katika nyumba ya safu yenye vyumba viwili juu. Katika chumba cha nyuma alilala Junior, mdogo wake Sagesse, mwenye miaka mitano. Tangu walipohamia Novemba, Junior alikuwa anakohoa, na akivuta pumzi kifua kililia kama mlango usiotiwa mafuta. Nyuma ya kabati lake kulikuwa na kuvu nyeusi iliyopanda ukuta mpaka darini. Kila Jumatatu Orpha aliisugua kwa klorini. Kila Ijumaa ilikuwa imerudi, na mahali pale pale. Alikuwa ameiandikia ofisi ya nyumba mara saba.

Sasa, kanisani kwao chombo kipya hakipigwi mbele za Bwana kabla hakijaombewa na kupakwa mafuta. Hiyo ilikuwa kazi ya Orpha, maana ndiye aliyetunza chupa ya mafuta. Lakini siku hiyo alikuwa anaingia kazini saa saba, kusafisha wodi za hospitali Edgbaston, na basi halimsubiri mtu. Junior alikuwa amekaa kitandani akikohoa, naye alihitaji kuombewa. Orpha akaliegemeza gita kitandani kando yake, akaweka mkono wa kushoto juu ya nyuzi na wa kuume juu ya kifua cha mtoto, akaombea vyote viwili kwa sala moja. "Bwana, hiki kinachosumbua kitoe hapa, ukiweke mahali pake. Amina." Akachukua koti, akatoka mbio.

Taa ya kijani ilikuwa inawaka.

Aliporudi, Junior alikuwa amelala, mdomo umefungwa, anapumua kimya kimya kama mtoto wa mtu mwingine. Gita ndilo lililokuwa linakohoa. Lilikuwa limesimama kwenye kibao chake karibu na hita, likivuta pumzi ndefu, likilia kifuani, likikohoa mara tatu, kisha likivuta tena.

"Iko na kifua ya Junior," Sagesse alisema.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu umetoka."

"Junior amekula?"

"Amekula. Wali yote. Akaongeza."

Orpha akavua viatu, akakaa. Junior alikuwa hajawahi kuongeza wali tangu Novemba.

Kwenye simu ya Sagesse kile kikohozi kilionekana kama mstari unaopanda na kushuka, na chini yake maneno mawili: futa, hifadhi. Sagesse alisogeza kidole. Orpha akakamata ule mkono kwa nguvu hadi msichana akapiga kelele.

"Usifute! Je, kama si kikohozi tu kilichomo humo? Kama ni pumzi yenyewe?"

Sagesse akamtazama mdogo wake, akaiweka simu chini taratibu, skrini ikitazama juu, kama mtu anayeweka kikombe kilichojaa.

Kuanzia hapo Orpha aliishi kwa kuhesabu chaji. Alipofika kazini alipiga simu: asilimia ngapi? Akiwa anasukuma ndoo kwenye korido, aliuliza tena. Alinunua waya wa pili, na waya mrefu wa kuvuka chumba. Inhela ya Junior, dawa yake ya kuvuta kifuani, ilikaa kwenye droo bila kuguswa. Junior alikimbia ngazini. Alipanda juu ya viti. Kila alipocheka, Orpha aligeuka kulitazama gita.

Jumapili, siku ya pili ya gita, wakaenda nalo kanisani, maana kwaya ilikuwa inalisubiri. Lilikohoa wakati wa matangazo, likakohoa wakati wa kusoma Neno, na watu wakalivumilia kama wanavyomvumilia mzee mwenye mafua. Marie-Claire, kiongozi wa wamama, aliinama sikioni kwa Orpha.

"Mama Sagesse. Uliombea viwili pamoja?"

"Nilikuwa nakimbilia basi."

"Aa, mama. Hata miye nilishaunganisha, ndoa na ugonjwa wa mguu. Lakini si na kitu cha umeme."

Kwaya ikaingia. Sagesse akafika kwenye seben, na mpiga ngoma, aliposikia kikohozi cha mara tatu, akaweka ngoma yake juu ya kikohozi hicho. Kikakaa vizuri. Kanisa zima likasimama. Wamama wakatoa vitambaa, wazee wakapinda magoti, wakachezea kifua cha Junior dakika kumi na moja.

Orpha hakucheza. Aliona taa ya gita ikigeuka nyekundu. Junior, aliyekuwa mapajani mwake akipiga makofi, akaacha makofi. Midomo yake ikawa rangi ya majivu. Hakukohoa, hakulia, alifungua tu mdomo na hakuna kilichoingia. Orpha akamtupia Marie-Claire mtoto, akapita katikati ya wachezaji na waya mkononi, akapiga magoti mbele ya jukwaa, akachomeka. Watu walidhani ameguswa na Roho, wakashangilia. Taa ikarudi kijani. Nyuma yake Junior akavuta pumzi, akaomba maji.

Alhamisi akaja kijana wa ofisi ya nyumba, na kifaa chake cha kupimia unyevu. Alikigusisha ukutani, kikalia. Akakigusisha mahali pengine, kikalia zaidi. Gita likakohoa. Kijana akaandika: *kelele, chombo cha muziki.*

"Mnaanika nguo ndani?" aliuliza.

"Januari nizianike wapi?"

"Mnafungua dirisha?"

"Mtoto ana kifua."

Kijana akamtazama Junior, aliyekuwa anaruka juu ya kitanda. "Huyu? Huyu mzima kabisa." Akafunga kifaa. "Mama, huu si unyevu wa nyumba. Ni pumzi zenu. Mnapumua sana humu ndani, hewa inagonga ukuta, inakuwa maji. Jitahidini kupunguza."

"Kupunguza nini?"

"Hayo."

Kesho yake wakaja watu wawili na rangi nyeupe, wakapaka juu ya kuvu bila kuisugua. Ofisi ikatuma barua kwamba tatizo limekwisha na faili limefungwa.

Siku ya kumi na mbili gita lilianza kuishiwa. Chaji ya masaa manane ikawa masaa matatu, kisha dakika arobaini. Nyuzi zilishika kutu, na mgongoni yakatokea madoa meusi madogo madogo ambayo Orpha aliyajua, maana alikuwa ameyasugua kila Jumatatu tangu Novemba. Akalifuta. Yakarudi. Hapo hakungoja tena. Alilivika blanketi, akamshika Junior mkono, Sagesse akabeba betri ya akiba, wakatembea barabara nzima mpaka kwa Charanjit.

Charanjit aliliwekea sikio. Akafungua mlango wa nyuma ya kaunta.

Kilikuwa chumba kidogo, kikavu, chenye joto. Kwenye rafu kulikuwa na kinanda cha umeme, magita mawili, redio, spika moja ya bluu, na vyote vilikuwa vimechomekwa, na vyote vilikuwa vinakohoa, kila kimoja na kifua chake. Kila kimoja kilifungwa kikaratasi chenye jina la mtoto na jina la mtaa.

"Hiki kinanda ni cha mama mmoja, Istahil, wa Sparkhill," Charanjit alisema. "Alikuwa anamsomea mtoto wake dua, kinanda kikiwa kimewashwa. Hii spika ni ya hapa hapa jirani."

"Kwa nini hawaji kuchukua?"

"Watoto wakirudishiwa pumzi hizi, itabidi ziende tena kwenye kuta zile zile. Nimewaambia wangoje kuta zitengenezwe."

"Pumzi ya kwanza ina muda gani humu?"

"Miaka minne."

Akabadilisha betri ya gita, akalichomeka, akaandika *Junior* na jina la mtaa wao. Kwaya ikapewa gita jingine, la kawaida, la kukazwa kwa mkono. Orpha akasimama mlangoni mpaka akahakikisha anaweza kukitofautisha kikohozi cha mwanawe na vile vingine. Kuanzia hapo kila Jumamosi alimpitisha Junior pale, na Junior aliweka kiganja juu ya nyuzi, akasema, "Hello, me."

Wamama mtakaosoma haya, msiunganishe sala, na nyumba msiipokee kabla hamjasogeza kabati. Orpha angekuwa amelisogeza Novemba, mambo yangekuwa mengine. Au pengine yangekuwa hayo hayo, maana nyumba nyingine hazikuwepo.

Mwezi Machi ile rangi nyeupe ikaanza kuchafuka. Kwanza doa moja, kisha weusi wa urefu wa mkono mzima, ukapita pembeni ya mlango, ukaingia chumba cha mbele alimolala Sagesse. Orpha akaandika barua ya nane. Jumatatu moja, alipokuwa jikoni akimenya ndizi, akasikia kikohozi kutoka juu. Hakikuwa cha Junior. Junior alikuwa miguuni pake, anachora basi.

"Sagesse?"

"I'm fine, Mum," Sagesse aliitikia, kisha akavuta pumzi, na kifua kikalia.

Orpha akaosha mikono. Akafungua kabati, akatoa chupa ya mafuta, akaanza kuzunguka ndani ya nyumba akitafuta kitu kingine chenye plagi.